Siku Sita Aurora na RV: Asubuhi ya Mlima, Jioni ya Ndugu

Anayevuka Marekani kwa gari-nyumba, ambalo huku kila mtu analiita RV, hufika Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, akitokea tambarare za Kansas au Nebraska. Mji wa Aurora, uliopakana na Denver upande wa mashariki, una Wakenya, Wakongo, Watanzania, Wasomali na Waethiopia, na ni nadra kumkosa huko shangazi, binamu au shemeji wa mtu. Saa moja hadi mbili upande wa magharibi na kusini kuna njia za miguu zinazotosha wiki nzima. Ndiyo maana Aurora ni kituo kizuri kwa anayetaka kuona ndugu na kupanda mlima katika safari moja.

Kinachoharibu safari za aina hii ni kulitumia gari lile lile kubwa kwa kazi zote mbili. Leo limeziba mlango wa gereji ya shangazi, kesho linahema kwenye miteremko ya I-70, barabara kuu ya kwenda milimani, keshokutwa linazunguka maegesho ya mlimani ambayo hayana pa kuliweka. Sisi tunapendekeza uliegeshe mara moja, ulisawazishe, uliunganishe, kisha uliache hapo mpaka siku ya kuondoka. Safari za mlimani fanya kwa gari dogo la ndugu. Asubuhi ipe mlima, jioni wape ndugu. Julai na Agosti radi huanza kupiga milimani karibu na saa sita mchana, kwa hiyo mlima wenyewe unakutaka urudi mapema. Ndugu nao wengi wako kazini asubuhi.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili.

Anza na zamu, si ramani

Kabla ya kuweka nafasi popote, waulize ndugu mambo matatu. Zamu zao za kazi zikoje wiki hiyo? Nani ana gari la viti saba linaloweza kubaki bila mwenyewe asubuhi? Na je, nyumba yao iko chini ya chama cha wenye nyumba chenye masharti ya kuegesha?

La zamu ndilo zito. Ndugu wengi wanafanya kazi hospitali, nyumba za wazee, maghala au malori. Aliyetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi hahitaji mgeni saa tatu. Ukishazijua zamu, panga hivi: ufike Alhamisi mchana, Ijumaa upumzike na kuzoea hewa, Jumamosi iwe ya ndugu wote pamoja na matembezi mafupi ambayo hata bibi atayaweza, Jumapili iwe ya kanisa na chakula. Jumatatu na Jumanne, watu wa mjini wakiwa kazini, ndizo siku zako za njia ndefu. Kwa Waislamu, Ijumaa ya mapumziko inaangukia vizuri kwenye sala ya adhuhuri. Usiende milimani kwa I-70 Jumamosi asubuhi wala kurudi Jumapili alasiri, maana foleni hula saa mbili ambazo ungekuwa umekaa na watu.

Pa kulala panapofaa zaidi ni Cherry Creek State Park. Bustani hii ya jimbo ina ziwa na iko ndani ya eneo la Aurora kabisa, mkabala na barabara ya Parker. Nafasi nyingi za kambi yake zina umeme, maji na tundu la majitaka. Kama ndugu zako wako upande wa Littleton au Highlands Ranch, Chatfield State Park iko karibu nao zaidi. Katika bustani za jimbo la Colorado unaweza kuweka nafasi kuanzia miezi 6 kabla, na huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 14 katika kipindi cha siku 45. Nafasi za Ijumaa na Jumamosi za Juni hadi Agosti huisha kwanza, kwa hiyo ukichelewa jaribu kuingia Jumapili na kutoka Ijumaa. Unapochagua, soma urefu wa nafasi na ulinganishe na urefu wa gari lako lote, ngazi ya nyuma na kibebea baiskeli vikiwemo. Nafasi ya futi 30 kwa gari la futi 29 ni mateso.

Ada ya kambi haijumuishi kibali cha gari cha kila siku. Hapa ndugu wanaweza kukuokolea pesa. Tangu 2023, mkazi wa Colorado anayesajili gari huwekewa kibali cha bustani za jimbo ndani ya ada ya usajili, isipokuwa akikikataa mwenyewe. Wengi wanacho na hawajui. Mwambie binamu atazame karatasi ya usajili: kama alama ya kibali ipo, gari lake linaingia Castlewood, Roxborough na bustani nyingine zote za jimbo bila kulipa langoni. Cherry Creek huongeza ada ndogo ya bonde la maji, basi asishangae akidaiwa hiyo.

Kama lazima uegeshe kwa shangazi

Wapo watakaosema, "Kwa nini ulipe kambi na mimi nina uwanja?" Kukataa moja kwa moja kunaumiza. Usiku mmoja au miwili unawezekana, lakini mambo kadhaa yaangaliwe kabla hujaingiza gurudumu.

Barabarani usilaze RV. Miji mingi ya eneo hili inazuia magari-nyumba kulala kwenye mitaa ya makazi, na vyama vya wenye nyumba huwa vikali kuliko mji. Faini itakwenda kwa shangazi, si kwako. Mbele ya gereji yake, pima urefu kutoka mlango wa gereji hadi njia ya waendao kwa miguu, maana gari likiziba njia hiyo jirani ana haki ya kupiga simu. Tazama juu pia. RV ya kukodi ya aina yenye kitanda juu ya dereva ina kimo cha mita 3.3 hadi 3.6, na matawi ya miti ya mtaani hayajakatwa kwa kimo hicho. Kioo cha hewa cha darini ndicho kinachovunjika kwanza. Na unapokata kona kutoka hapo, kumbuka kwamba mkia wa gari nyuma ya magurudumu hujirusha upande wa pili. Weka mtu asimame upande huo, umwone kwenye kioo muda wote. Watoto wawe ndani ya nyumba.

Umeme ndio unaounguza vitu. Soketi ya kawaida ya Marekani ni volti 120 na breka yake ni ya ampea 15 au 20. Ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800, na kwa matumizi ya muda mrefu usizidi 1,440 hivi. Kiyoyozi cha juu ya RV peke yake kinakula wati 1,300 hadi 1,500, na kinapowaka huvuta zaidi kwa sekunde moja. Kwa hiyo kwa shangazi tumia adapta ya kushusha kutoka plagi ya ampea 30, kisha washa taa, chaji betri, endesha feni, na friji iweke kwenye gesi. Kiyoyozi, mikrowevu na hita ya maji ya umeme viache mpaka kambini. Uliza pia breka hiyo inalisha nini kingine. Mara nyingi friza ya nyama iliyo gereji iko kwenye laini hiyo hiyo, na breka ikiruka usiku asubuhi kuna mbuzi mzima aliyeyeyuka.

Waya wa kuongezea uwe wa geji 10, au 12 kwa umbali mfupi, usiozidi mita 15. Namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Ule waya mwembamba wa geji 16 unaouzwa kwa taa za Krismasi hupata moto, na unaanza kuyeyuka kwenye plagi ambako huoni. Baada ya nusu saa ya matumizi gusa plagi zote mbili. Uvuguvugu si neno, lakini ikikuchoma chomoa. Soketi ya nje yenye vitufe viwili katikati ikiruka kila mara, kwa kawaida kuna unyevu kwenye kiungio cha waya, au hita ya maji imewashwa bila wewe kujua.

Na hili lisomwe mara mbili: usichomeke RV kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, wala kwenye soketi ya ampea 30 aliyoifunga fundi wa mtaani kabla hujaipima kwa mita. Soketi ya mashine hiyo ni volti 240. Plagi ya RV ya pini tatu ya ampea 30 inafanana nayo kwa sura, na fundi asiyejua RV hufunga volti 240 kwa nia njema. Chaja ya betri, mikrowevu na bodi ya friji huungua papo hapo. Kwa upande wa pili, birika la umeme lililoletwa kutoka Dar au Mombasa, la volti 240, litachemsha polepole mno kwenye volti 120. Linapata robo tu ya nguvu yake.

Majitaka ya RV usiyamwage kwenye bomba la majitaka la nyumba wala kwenye mfereji wa barabarani. Kwa shangazi tumia choo cha ndani, na RV iwe ya kulala tu.

Kulisimamisha gari kambini

Fuata mpangilio huu. Kila hatua ina sababu ya kuja kabla ya inayofuata.

Kwanza simama ndani ya gari na uweke pima-maji, hata ile ya kwenye simu, sakafuni na mlangoni mwa friji. Friji ya gesi haitaki kuinama. Ikilala upande kwa saa nyingi majimaji yake hayazunguki, haipoi, na mwishowe huharibika kabisa. Panda kwa magurudumu juu ya vibao vya kusawazishia upande ulio chini. Kisha tia kabari magurudumu ya nyuma, ndipo uzime injini.

Umeme: zima breka ya nguzo ya umeme na maji iliyo kwenye nafasi yako, chomeka, washa breka, subiri dakika mbili kabla ya kuwasha kiyoyozi. Kipima volti kikisoma chini ya 105 wakati wa joto la mchana, zima kiyoyozi. Kambi nzima inavuta kwa pamoja, na volti ikiwa ndogo kompresa huungua.

Maji: acha bomba la nguzo litiririke sekunde kumi, funga kidhibiti presha kwenye bomba lenyewe, kisha mpira mweupe wa maji ya kunywa. Kidhibiti kiwe cha psi 40 hadi 50. Ukikifunga upande wa gari badala ya upande wa bomba, presha kubwa inaupasua mpira wako usiku. Kuanzia mwishoni mwa Septemba usiku unaweza kuganda, basi jaza tangi la ndani jioni, chomoa mpira, uumwage na uulaze.

Tangi la choo

Hapa ndipo ndugu na RV hugongana, kwa sababu watoto wote wa ukoo watataka kuona choo cha ndani ya gari, na kila anayekiona atakitumia. RV ya futi 25 huwa na tangi la maji safi la lita 130 hadi 150 hivi, la maji ya sinki na bafu karibu kiasi hicho, na la choo lita 100 hadi 120. Watu wanne wakitumia kwa uangalifu, tangi la choo linachukua siku nne au tano. Watu kumi na mbili Jumamosi alasiri wanalijaza siku hiyo hiyo. Waelekeze kwenye vyoo vya kambi bila aibu.

Hata kama umeunganishwa na tundu la majitaka, valvu ya choo iwe imefungwa. Ukiiacha wazi, maji hutoka na kinyesi hubaki, kinajijenga chini ya bakuli kama kichuguu, na kukiondoa ni kazi ya siku mbili na maji ya moto. Valvu ya maji ya sinki unaweza kuiacha wazi, lakini ifunge siku moja kabla ya kumwaga ili upate maji ya kusafishia mpira.

Mwaga tangi la choo likifika theluthi mbili, si kabla, kwa sababu uzito wa maji ndio unaosukuma kila kitu nje. Vaa glavu. Hakikisha mpira wa majitaka umeingia na kufungwa pande zote mbili, kisha fungua valvu ya choo kwanza. Ikiisha kutiririka ifunge, ndipo ufungue ya sinki, ambayo maji yake ya sabuni yanasuuza mpira. Funga, inua mpira kuanzia upande wa gari ili uishe maji, suuza mahali pote. Mwisho rudisha lita 8 za maji na dawa ya tangi ndani ya choo. Tangi lisiachwe kavu hata siku moja. Karatasi ziwe zile zinazoyeyuka upesi. Taulo laini za watoto na za kujipangusia hazishuki kamwe, hata kama pakiti imeandika kwamba zinashuka. Kipimo kikionyesha tangi limejaa baada ya kumwaga, usikiamini: karatasi imeng'ang'ania kihisi. Tia maji nusu tangi, endesha kidogo siku ya kuondoka, mwaga tena.

Mwinuko, na maharage

Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, karibu na kimo cha Nairobi. Aliyetoka Houston au Columbus atahema akipanda ngazi siku ya kwanza. Bear Lake, unapoanzia njia ya Emerald Lake katika hifadhi ya Rocky Mountain, iko mita 2,888, juu ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro (2,720). Barabara ya Trail Ridge, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, inafika mita 3,713, karibu sawa kabisa na kibanda cha Horombo cha Kilimanjaro (3,720). Tofauti ni kwamba Horombo hufikiwa kwa siku mbili za kutembea, na Trail Ridge hufikiwa na gari baada ya kifungua kinywa. Mwili haujui kwamba umebebwa. Lala usiku mbili Aurora kabla ya kupita mita 2,800. Kunywa maji, punguza chumvi ya vibanzi vya njiani, na pombe iache siku mbili hizo. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja juu, dawa ni kushuka. Anayechanganyikiwa, anayeyumba au anayehema akiwa amekaa ashushwe mara moja na apelekwe hospitali.

Jambo linalosahaulika katika miongozo ya huku, na linaloihusu damu yetu hasa: mwenye selimundu asipande milima hii bila kuzungumza na daktari wake. Na hata aliyerithi jeni moja tu, ambaye haumwi na huenda hajui, anaweza kupata shida ya wengu kwenye mwinuko mkubwa. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, iwe wakati wa kupanda au saa chache baadaye, ni dharura, na daktari aambiwe habari ya selimundu. Ulizeni katika familia kabla ya kwenda.

Maji nayo huchemka kwa nyuzi 95 hivi Denver, na karibu 90 ukifika Bear Lake. Ugali hauoni tofauti kubwa. Maharage yanaiona sana. Yaloweke usiku kucha na uyapike kwa sufuria ya presha. Bila presha utamaliza mtungi wa gesi na bado yanagonga meno. Wali ongeza maji kidogo na uupe dakika za ziada ukiwa umefunikwa.

Njia za kwenda

*Castlewood Canyon* ndiyo ya Jumamosi na ndugu wote. Kutoka Cherry Creek fuata barabara ya Parker, yaani Highway 83, kusini moja kwa moja kupita Franktown, kama dakika 40. Kuna njia ya lami ya Canyon View, kama kilomita 2, ambayo kigari cha mtoto na bibi mwenye mkongojo wanaipita. Wenye miguu washuke kwa Lake Gulch na kurudi kwa Inner Canyon, mzunguko wa kilomita 3 hivi wenye mawe ya kuruka na kijito. Zaidi ya hapo kuna magofu ya bwawa lililojengwa 1890. Lilipasuka usiku wa tarehe 3 Agosti 1933, na maji yakafuata mkondo wa Cherry Creek mpaka katikati ya Denver. Bwawa la udongo unaloliona kambini kwako, lililokamilika 1950, lilijengwa kwenye mkondo huo huo kuzuia mafuriko. Watoto wakielezwa hivyo kijito kinapata maana. Juni hadi Septemba kuna nyoka wenye njuga mkiani kwenye mawe yenye jua. Mtoto asitie mkono asipopaona, na mkisikia njuga simameni kwanza, kisha rudini nyuma polepole.

*Roxborough*, kusini-magharibi, ina mapande ya mawe mekundu yaliyoinamishwa kama vigae. Mzunguko wa Fountain Valley ni kilomita 4 na unafaa kwa asubuhi ambayo ndugu anatakiwa kazini mchana. Anayetaka jasho apande Carpenter Peak, kilomita 10 kwenda na kurudi. Maegesho ni madogo, basi fika lango linapofunguliwa. Mbwa hawaruhusiwi hata ndani ya gari.

*Emerald Lake*, ndani ya Rocky Mountain National Park, ndiyo ya Jumatatu. Kutoka Aurora ni saa mbili. Kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Mei na katikati ya Oktoba unahitaji nafasi ya saa maalumu, na ya barabara ya Bear Lake ni tofauti na ya sehemu nyingine za hifadhi. Ukichukua isiyo ya Bear Lake utazuiwa kwenye kizuizi cha pili, umeshaendesha saa mbili. Nafasi za mwezi mzima hutolewa tarehe 1 ya mwezi unaotangulia, saa 2 asubuhi kwa saa za Colorado, kwenye Recreation.gov. Nyingine hubakizwa kwa saa 1 usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ukikosa zote, ingia kabla ya saa 11 alfajiri, maana udhibiti wa barabara ya Bear Lake huanza saa hiyo. Thibitisha masharti ya mwaka wako kwenye tovuti ya hifadhi. Kama kuna mzazi au mgeni aliyekuja kutoka Afrika, jua kwamba kuanzia Januari 2026 asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 au zaidi hutozwa dola 100 juu ya kiingilio katika hifadhi hii. Huyo mpeleke Castlewood. Hatapungukiwa.

Kutoka Bear Lake ni kilomita 2.9 kwenda, kupanda mita 200 tu, kupitia Nymph Lake na Dream Lake. Watoto wa miaka sita wanafika. Mpaka katikati ya Juni theluji iliyogandishwa na nyayo huteleza kama sabuni, basi kodi Estes Park vyuma vya kuvaa juu ya viatu. Kila mtu achukue lita 2 za maji, koti la mvua hata kama mbingu haina wingu, sweta, kofia, na losheni ya jua. Ngozi nyeusi huungua huku pia, hasa midomo na pua kunapokuwa na theluji. Moose (kulungu mkubwa kuliko wote) na dubu wakae mita 36 kutoka kwenu, elk (kulungu mkubwa pia) mita 23. Elk wa Septemba, wakati wa kupandana, hana subira na mpiga picha.

*Mount Bierstadt* ni ya Jumanne, kwa waliolala angalau usiku nne na wanaotembea mara kwa mara. Mlima una mita 4,287, pungufu kidogo ya Mlima Meru wa Tanzania. Njia inaanzia Guanella Pass, kwenye mita 3,550 hivi, kilomita 11 hadi 12 kwenda na kurudi, kupanda mita 850. Anza kutembea saa 11 alfajiri kwa taa ya kichwani. Saa 5 asubuhi ikifika hujagusa kilele, geuka, hata kama unakiona. Juu hakuna mti, na radi inachagua kilicho kirefu. Maji lita 3 kila mtu.

Kwa gari la ndugu, kwanza hakikisha bima yake inamruhusu dereva mwingine. Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo na ubonyeze breki kwa vipindi, si kuzilalia. Breki zikianza kunuka, ingia pembeni dakika ishirini bila kuvuta breki ya mkono. Rudisha gari likiwa na tangi limejaa na limefagiwa mchanga.

Ndugu wakija kambini

Watakuja, na waje. Lakini nafasi moja ya kambi ina kikomo cha watu 6, kila gari linahitaji kibali, na utulivu huanza saa 4 usiku. Kwa ukoo mzima kodi kibanda cha pikniki cha bustani, chenye meza na majiko, mfanye karamu mchana, kisha wachache warudi nawe jioni. Nyama choma iulizwe kwanza langoni. Kukiwa na mwiko wa moto, mkaa na kuni husimama, ila jiko la gesi lenye swichi ya kuzima mara nyingi huruhusiwa. Kuni nunua karibu na hapo, usizibebe kutoka jimbo jingine, kwani zinasafiri na wadudu wanaoua miti. Mifupa na mafuta visibaki nje usiku.

Watoto wakiomba kuzungushwa na RV, hesabu mikanda, si vitanda. Gari linalolaza sita linaweza kuwa na mikanda mitano, na hakuna anayekaa kitandani gari likitembea.

Siku ya kuondoka

Ageni usiku uliotangulia. Asubuhi ya kuondoka huwa na chapati za njiani, mizigo na watu mlangoni, na hapo ndipo ngazi husahaulika nje na mpira wa maji huburutwa barabarani.

Pima upepo wa matairi kabla jua halijayapiga, na ufuate karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva, si namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la RV lililopita miaka sita au saba libadilishwe hata kama kashata zake ni nzima, kwa sababu mpira huzeeka kwa jua na hupasuka kwenye joto la tambarare. Mwaga matangi kwa mpangilio ule ule, funga gesi, shusha antena, funga kioo cha darini, fungia makabati. Zima breka ya nguzo kabla ya kuchomoa waya. Toa kabari. Kisha zunguka gari zima mara moja kwa miguu, uguse kila kitu kinachoning'inia.

Ukielekea magharibi kupitia I-70, injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kaa njia ya kulia, tumia gia ndogo, tazama kipimo cha joto, na zima kiyoyozi kikianza kupanda. Ukielekea mashariki, jaza mafuta Aurora na usikilize matairi kwa kilomita hamsini za kwanza.